Flashi ya kamera ya majini: Usitoe pesa kabla ya kujua haya

IWAPO umewahi kuzamia Watamu, Diani au Kisite ukiwa na kamera ndogo, huenda yalikupata haya: matumbawe yaliyokupendeza kwa rangi zake yanatoka kwenye picha yakiwa na rangi moja tu, samawati iliyofifia.

Kamera yako si mbovu. Ni maji yanayokula rangi. Nyekundu ndiyo hutangulia kupotea, na ukifika mita tano hivi chini, tayari imepungua sana. Rangi ya machungwa hufuata, kisha manjano.

Basi unawasha flashi ya kamera yenyewe. Hapo unajiletea shida nyingine. Flashi hiyo iko karibu sana na lenzi, kwa hivyo mwanga wake hugonga chembe za mchanga na vijidudu vinavyoelea majini, kisha unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Picha inajaa vidoa vyeupe, kana kwamba kuna mtu amemwaga unga wa ugali baharini.

Dawa yake ni flashi ya nje, ambayo wapiga picha wa majini huiita strobu. Hii hukaa mbali na lenzi, juu ya mkono maalum, na kumulika samaki kutoka ubavuni.

Tatizo ni bei. Strobu nzuri hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na ukiagiza kutoka ng'ambo kuna nauli na ushuru juu yake. Kwa kijana wa Pwani anayetaka kuwauzia watalii picha za safari yao, huo ni mtaji mzima. Ukikosea, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji atakusukumia yenye nguvu zaidi. Hebu tulia kwanza. Nguvu si swali la kwanza, wala la pili.

Je, unaihitaji kweli?

Kama kazi yako ni kuogelea juujuu na watalii, mita moja au mbili kwenda chini, jua la saa nne asubuhi linakutosha. Lipe mgongo, sogea karibu, piga. Weka pesa zako.

Kama unarekodi video za mtandaoni, strobu pia si yako. Humweka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha giza. Video inahitaji taa inayowaka bila kuzima.

Na kama unatumia GoPro au simu ndani ya mfuko wa plastiki, usijisumbue. GoPro haina flashi ya kuiamsha strobu, na taa ya simu haikuundwa kwa kazi hiyo.

Je, zitaelewana na kamera yako?

Hapa ndipo wengi huchoma pesa. Kamera nyingi ndogo hazina tundu la kuunganisha strobu kwa waya wa umeme. Kinachotumika ni waya wa faiba: flashi ya kamera inamweka, mwanga unapita ndani ya waya, strobu inauona na kumweka wakati huo huo.

Waya huo unahitaji mahali pa kuchomekwa, na kwa kawaida mahali hapo pako kwenye kasha la kuzuia maji, si kwenye kamera. Chukua mfano wa OM System TG-7 iliyotoka mwaka wa 2023. Yenyewe huvumilia maji hadi mita 15 bila kasha, lakini mwili wake hauna tundu la faiba. Kwa hivyo unapopiga hesabu ya strobu, jumlisha kasha, waya, mkono na kishikio cha chini. Usipofanya hivyo, bajeti itakukimbia.

Kuna mtego mwingine. Kamera nyingi ndogo humweka mara mbili: mmweko wa kwanza wa kupima mwanga, wa pili wa kupiga picha. Strobu isiyojua hilo itafyatuka kwenye mmweko wa kwanza, na picha itatoka giza ilhali uliiona kwa macho yako ikiwaka.

Strobu za kampuni kama Inon na Sea&Sea zina mfumo wa kuiga flashi ya kamera: ikiwaka nazo huwaka, ikizima nazo huzima. Nyingine zina swichi ya kuziambia ziruke mmweko wa kwanza. Uliza swali hili kabla ya kuuliza bei.

Bora zaidi, jaribu mwenyewe. Nenda na kamera yako dukani, unganisha waya, zima taa za chumba, piga ukuta mara tatu. Picha zikitoka na mwanga unaofanana, zimeelewana. Zikitoka nyeusi, rudisha pesa mfukoni.

Nguvu kiasi gani?

Nguvu ya strobu huandikwa kwa namba inayoitwa GN. Inon S-2000, kwa mfano, ina GN 20 na hutumia betri nne za AA. Usidanganyike na namba hiyo, kwa sababu hupimwa nchi kavu. Majini hupungua sana.

Isitoshe, mwanga hufunga safari mara mbili: kwenda kwa samaki na kurudi kwenye lenzi. Ndiyo maana hata strobu kali haitakusaidia kwa kasa aliye mita nne mbele yako. Picha nzuri ya strobu hupigwa chini ya mita moja.

Kama unapenda vitu vidogo, kama konokono wa baharini au kaa aliyejificha, strobu ndogo inatosha kabisa. Ukitaka mwamba mzima wa matumbawe na lenzi pana, hapo ndipo utahitaji yenye mwanga unaotanuka, na pengine mbili. Anza na moja. Hakikisha tu ina njia ya kupunguza na kuongeza nguvu kwa mkono, ili usifungwe na mfumo wa otomatiki siku utakapokuwa umekomaa.

Mtumba je?

Si vibaya, lakini fungua sehemu ya betri kwanza. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe, chumvi imeshaingia. Kagua oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji: ikiwa imepasuka au imelegea, lazima ibadilishwe.

Kisha ifyatue mara 20 mfululizo. Ikichukua muda mrefu kujaa tena huku betri zikiwa mpya, samaki hatakungojea. Tumia betri za kuchaji za NiMH. Hujaza strobu haraka kuliko zile za kawaida za dukani.

Kumbuka, unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya oringi inatosha kuzamisha mtaji wako wote. Safisha, paka grisi yake kidogo, na ukitoka baharini loweka kifaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kukifungua.

Maji yenyewe yana msimu

Strobu haisafishi maji. Mto Sabaki unapofurika na kumwaga matope Malindi, hata kifaa cha bei ghali kitakupa vidoa. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wa maji maangavu. Popote utakapokuwa, tanua mkono wa strobu mbali na lenzi na uirudishe nyuma kidogo, ili pembe tu ya mwanga wake ndiyo imguse samaki.

La mwisho: jifunze kuelea vizuri kabla ya kununua chochote. Mpiga picha anayejishikilia kwenye matumbawe ili apate picha anavunja kitu kilichochukua miaka mingi kukua, na katika hifadhi za baharini za KWS kugusa matumbawe hakuruhusiwi.

Matumbawe yakifa, hakuna strobu itakayoyarudishia rangi, na mtalii hatakuwa na sababu ya kununua picha yako.