Visa vya Singida na Soko la Miswada ya Filamu

Mkoa wa Singida, ambao katika habari za biashara hutajwa aghalabu kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, unayo rasilimali nyingine isiyopita kwenye mizani ya ushuru wa mazao, nayo ni visa. Hapa ndipo masimulizi ya Wanyaturu yanapomweka Liti, yule mwanamke aliyewakabili Wajerumani kwa makundi ya nyuki, ambaye leo uwanja wa mpira wa mjini unaitwa kwa jina lake; na hapa ndipo, baina ya mwaka 1946 na 1948, yalipotokea mauaji ya wale walioitwa watu-simba, ambayo mwanzo yalidhaniwa kuwa ni kazi ya wanyama wa mwituni, hata serikali ya Kiingereza ikaja kuwafikisha binadamu mahakamani.

Lakini kisa hakiwi bidhaa mpaka kiandikwe, na uandishi wenyewe una kanuni zake. Ukurasa mmoja wa muswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha; juu yake huandikwa “NJE. MCHANA. UA WA NYUMBA, IKUNGI”, na chini yake hakuna ruhusa ya kuandika ila kile ambacho jicho litakiona na sikio litakisikia. Mtunzi wa riwaya huweza kusema kwamba mjane ana huzuni, akaendelea na safari yake. Mwandishi wa filamu hana budi amwoneshe mjane yule akipepeta mtama uliokwisha takata zamani, huku mlangoni mtu akimwita naye hasikii.

Mnunuzi wa kurasa hizo yuko Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka mjini Singida. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. ITV ilianza mwaka 1994, na michezo ya kundi la Kaole ikawafundisha watazamaji kungojea sehemu ijayo. Ikafuata enzi ya filamu za kanda na diski, ambamo mwigizaji mashuhuri alikuwa pia prodyuza na mara nyingi mwenye kisa, na kwa hiyo bei ya muswada ikakaribia kuwa si kitu. Kilichobadili mambo, kwa maoni yangu, ni ving'amuzi: chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zinahitaji tamthilia zisizokatika, na tamthilia hula kurasa kama moto ulavyo nyasi kavu, hata ikawa lazima waandishi wakae kwa makundi na kulipwa kwa kila sehemu.

Sheria, kwa upande wake, haikumsahau mwandishi. Ile ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka msingi wa vibali, na Bodi ya Filamu hutaka kuuona muswada kabla ya kamera kuwashwa. Ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tatizo liko katika mkataba, kwani aliye na dhiki huuza haki zote kwa malipo ya mara moja, kisha akaitazama kazi yake ikirudiwa mwaka hata mwaka pasipo senti kumfikia. Waandishi wa Marekani, walio na chama chenye nguvu, waligoma tangu tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, na miongoni mwa madai yao yalikuwa haya haya ya malipo ya marudio.

Kwamba maandishi mazuri husafiri, ushahidi upo: riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999, iligeuzwa muswada na Amil Shivji pamoja na Jenna Bass, na filamu yake ikaoneshwa Toronto mwaka 2021. Kijana wa Iramba au Manyoni mwenye kisa cha babu yake, basi, na akiandike chote, akisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kupanda basi, na kabla ya kutia saini aulize ni nani atakayemiliki sehemu ya pili, na nani atakayelipwa picha itakapouzwa nje ya nchi.