Thame: Mabingwa wa Everest na shule iliyobebwa na maji

Kama una mshikaji anaitwa Jumanne, jua kwamba kule Thame angeitwa Mingma. Juma angekuwa Pasang. Washerpa nao huwapa watoto majina ya siku waliyozaliwa, kwa hiyo usiwaone watu wa ajabu bwana!

Thame ni kijiji cha Khumbu, nchini Nepal, kwenye milima ya Himalaya, karibu meta 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa waliopanda Kilimanjaro, hapo ni juu kidogo ya kambi ya Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unalala siku moja mbili unateremka zako. Thame watu wanazaliwa, wanaoana na wanazeeka hapo hapo. Gari halifiki, ni miguu yako tu.

Msosi wao mkubwa ni viazi mviringo, vilivyofika Khumbu karne ya 19. Chai nayo usishangae: inatiwa siagi na chumvi. Ng'ombe wao aitwaye yak ana manyoya yanayoning'inia karibu kugusa ardhi. Anabeba mizigo, na kinyesi chake kikikauka ndiyo kuni. Nyumba za kizamani ni ghorofa moja: mifugo chini, watu juu.

Zamani walikuwa wafanyabiashara. Walivuka njia ya barafu ya Nangpa La, zaidi ya meta 5,700, kwenda Tibet kupeleka nafaka na kurudi na chumvi na sufu. Uchina ilipobana mpaka baada ya 1959, dili hilo likafifia. Kazi ya kubebea wageni mizigo milimani ikazidi kuwa tegemeo.

Na wameiweza! Tenzing Norgay, aliyefika kilele cha Everest na Edmund Hillary tarehe 29 Mei 1953, alikulia Thame. Apa Sherpa kafika huko mara 21. Kami Rita Sherpa alitimiza mara 31 Mei 2025. Wote watoto wa Thame! Lakini usidhani wanafuata sifa. Apa alifiwa na baba akiwa na miaka 12, ikabidi aingie kwenye upagazi. Mwaka 2006 alihamia Marekani ili wanawe wapate shule. Mimi nawaelewa hivi: baba anapanda mlima ili mtoto asilazimike kuupanda.

Ndiyo maana tukio la 16 Agosti 2024 linaniuma. Vijiziwa vya maji ya barafu juu ya kijiji vilipasuka. Maji, matope na mawe vikashuka, vikaondoka na shule, zahanati na nyumba kadhaa. Ashukuriwe Mungu, ilikuwa mchana na hakuna aliyekufa. Na si mara ya kwanza: 4 Agosti 1985 ziwa Dig Tsho, kwenye bonde hilo hilo, lilipasuka likafagia kituo cha umeme kilichokaribia kumalizika.

Dunia inazidi joto, barafu inayeyuka, maziwa yanajaa. Sasa wajenge pale pale au wahame kwa mababu? Mimi siwezi kuwajibia. Ila najua joto hilo halikuletwa na yak wala viazi vyao. Sehemu kubwa limeletwa na viwanda na magari ya watu ambao Thame hawawajui. Na sisi tunaopanda daladala tumo humo, hata kama ni kidogo.