Je, bodaboda ni 'chombo'? Neno moja na kifungo cha maisha

Wiki jana nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni wakili jijini Nairobi. Mteja wake, kijana wa Kawangware, anadaiwa kuchoma bodaboda ya mwenzake. Mamake kijana huyo alikuwa ameambiwa kwamba anayechoma "chombo" hufungwa maisha, na hakuwa akilala.

"Profesa, huyu mama nimwambieje? Kwani pikipiki si chombo?"

Swali ni la sheria, ila utata umo katika lugha.

Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya (Sura ya 63) kinamlenga anayetia moto kwa makusudi na kinyume cha sheria. Hakisemi "mali". Kinaorodhesha jengo au kitu chochote kilichojengwa, kiwe kimekamilika au la, chombo, rundo la mazao au la fueli, na mgodi. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Chombo kinachokusudiwa hapa ni meli, mashua au jahazi. Mswahili wa Pwani hashangai. Aliyesema "chombo cha kuzama hakina usukani" hakuwa akiwazia sufuria. Lakini huku bara tuna vyombo vya jikoni, vya habari na vya usafiri. Mkalimani akitamka "chombo" na kunyamaza, mshtakiwa ataona bodaboda imo.

Bodaboda haimo. Ni mali, na kifungu cha 4 kinasema mali ni kila kitu, chenye uhai au kisicho nao, kinachoweza kumilikiwa. Anayeiharibu kimakusudi hushtakiwa chini ya kifungu cha 339, ambacho adhabu yake ni hadi miaka mitano, isipokuwa pale ambapo sheria imeweka adhabu nyingine. Kati ya miaka mitano na maisha kuna tofauti kubwa jamani!

Neno "jengo" lina tatizo la kinyume. Tukisikia jengo, tunawazia mawe na ghorofa, kama Majengo ya Bunge ambayo sehemu yake ilichomwa tarehe 25 Juni 2024. Kibanda cha mabati cha mama mboga kule Kangemi hatukiiti jengo. Sheria hata hivyo haiulizi bei wala ukubwa. Kama kimejengwa, anayekitia moto yuko chini ya kifungu kilekile cha 332.

Kisha kuna kitenzi. Magazeti hupenda "kuteketeza", yaani kuchoma hadi kitu kiishe. Sheria inasema "kutia moto". Mtu asidhani ameponea kwa sababu majirani waliwahi kuuzima na ukuta ukabaki umesimama.

Ibara ya 50 ya Katiba inataka mshtakiwa aelezwe mashtaka kwa lugha anayoielewa, na katika mahakama za mahakimu Kiswahili kinaruhusiwa sawa na Kiingereza. Basi tuseme "chombo cha majini", "kitu kilichojengwa" na "kutia moto". Ni maneno mepesi, na kila mmoja anayaelewa.

Nilimjibu wakili: mwambie mama kwamba kesi ya mwanawe ni nzito, lakini hiyo pikipiki haikuwa jahazi.