Shamba la Chumvi Kando ya Kitanda

Baba yangu mdogo anaishi Tanga, na kwa mwaka mzima sasa halali bila mashine. Bintiye aliyeko Muscat ndiye aliyemletea, baada ya daktari kumpima na kukuta pumzi zake zinakatika usingizini. Asubuhi moja nilipita kumjulia hali.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hiki, kinanuka."

Akanipa kitangi cha plastiki, kile kinachochomekwa ubavuni mwa mashine na kutiwa maji. Nikakipeleka dirishani. Kuta zake, ambazo kikiwa kipya huwa angavu kama kioo, zilikuwa na ukungu. Chini, penye sahani ya chuma inayopokea moto, palikuwa na miduara myeupe, mmoja ndani ya mwingine, kama alama zinazobaki ufukweni maji yakipwa. Na kwenye ringi ya mpira ya kifuniko palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya waridi, unaoteleza kama bamia.

"Unakiosha lini na lini?"

"Nakijaza kila usiku," alinijibu. "Na maji yenyewe mama yako mdogo ameyachemsha. Ndiyo haya haya tunayokunywa."

Sikumlaumu. Mtu aliyekuwa akiamka na kichwa kizito kila siku, kisha akapata kulala, hutazama mashine kama mkombozi, hafikirii kama kuna kitu kinaota ndani yake. Na jibu lake lilinionyesha mahali hasa pa kosa: anajaza, hamwagi.

Mashine hii hospitalini huitwa CPAP. Kazi yake ni kupuliza hewa kwa nguvu isiyobadilika, kupitia mpira na barakoa, hadi kooni. Kwa wenye maradhi haya, misuli ya koo hulegea usingizini, njia ikajifunga kwa sekunde 10 au zaidi, mtu akakosa pumzi mpaka ubongo umshtue. Wengine hufungwa hivyo zaidi ya mara 30 kwa saa, na asubuhi hawakumbuki lolote. Hewa ya mashine hulishikilia koo lisibane, kama upepo unavyolijaza tanga la jahazi. Nguvu hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi hufanya kazi kati ya 4 na 20. Ukitaka kujua 10 ni ngapi, zamisha mrija sentimita 10 ndani ya maji, kisha upulize mpaka viputo vitoke chini. Ni hapo.

Aliyeibuni mashine hii ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, huko Sydney mwaka 1980. Mitambo ya mwanzo ilitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, ikawekwa ipulize badala ya kuvuta, na barakoa zilibandikwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku. Mwaka 1981 yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa 5 katika jarida la Lancet. Mashine zilikuwa kubwa na zenye kelele, lakini watu waliokaribia kutobolewa koo ili wapumue walilala hadi asubuhi.

Tatizo lililofuata lilikuwa la pua. Pua haikuumbwa kwa kunusa tu. Kila hewa tunayovuta, pua na koo huipasha moto na kuilowesha, hata inapofika mapafuni ina joto la nyuzi 37 na kila mita moja ya ujazo imebeba gramu 44 za maji. Pua ya mzima huimudu kazi hiyo bila taabu. Lakini ukiisukumia upepo wa mashine usiku kucha, na mdomo ukaachama hewa ikapita tu bila kurudi, pua hukauka, huvimba na kuziba. Watu wengi waliiacha mashine kwa sababu hiyo. Kwa hiyo watengenezaji wakaongeza kitangi cha maji kinachokaa juu ya sahani ya moto: hewa hupita juu ya maji ya vuguvugu, huokota mvuke, kisha humfikia mgonjwa.

Mvuke huo si kidogo. Barakoa ina matundu yanayotoa hewa muda wote ili ile chafu isirudi puani, na mashine ikiwa kwenye 10, kiasi cha lita 30 hutoka kila dakika. Kwa saa 8 hizo ni lita 14,400. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ikiongezewa gramu 20 za maji, kitangi kitakuwa kimetoa karibu mililita 290 kwa usiku mmoja. Hiyo ni chupa ya soda.

Hapa ndipo linapoanza jambo ambalo naona kila mwenye mashine angepaswa kuelezwa siku ya kwanza. Mvuke huondoka peke yake. Maji yanapogeuka mvuke hayachukui chumvi, wala chokaa, wala vumbi. Vyote hubaki chini. Anayetaka kuliona jambo hili kwa ukubwa wake aende Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, au kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa yasiyo na kina, jua huchukua maji, yanaongezwa mengine, jua linachukua tena, na mwisho watu wanakwangua chumvi. Kitangi kinachoongezwa maji kila jioni bila kumwagwa ni shamba la chumvi la namna hiyo hiyo, ila jua lake ni sahani ya umeme.

Tuchukue maji ya kisima yenye miligramu 300 za madini kwa lita. Si ya ajabu. Shirika la Afya Duniani linasema ugumu wa maji ukizidi takriban miligramu 200 kwa lita, ukoko huanza kujijenga kwenye mabomba na vyombo. Mililita 300 zikikauka kila usiku huacha miligramu 90. Kwa siku 30 zimefika gramu 2.7, nusu ya kijiko cha chai, ndani ya chombo kinachoenea kiganjani.

Na sisi wa pwani tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua inaponyesha huchukua hewa ya ukaa, ikawa na uchachu kidogo, ikashuka kwenye mwamba na kuuyeyusha. Maji yanayochotwa kisimani yanaonekana safi, kumbe yamebeba jiwe. Ukiyapasha moto, hewa ile ya ukaa hutoka na jiwe hurudi kuwa jiwe. Ile miduara myeupe ya baba mdogo na chokaa iliyopakwa kwenye kuta za Mji Mkongwe na Lamu, asili yake ni kitu kimoja.

Kwa hiyo maji ya kuchemsha yana faida, lakini yanatatua upande mmoja. Kuchemsha huua vijidudu, na hata huacha sehemu ya chokaa kwenye sufuria. Chumvi nyingine hubaki, na kadiri maji yanavyopungua jikoni ndivyo zinavyozidi kukolea. Maji yanayofaa zaidi ni yale yaliyogeuzwa mvuke, mvuke ukapozwa ukawa maji tena, kama wanavyokeneka maji ya waridi kule Jabal Akhdar, Oman. Yameshafanya safari ile mara moja na madini yameyaacha nyuma.

Kuyapata ndiyo kazi. Uliza dukani na mara nyingi utaambiwa nenda kituo cha mafuta, ukanunue maji ya betri. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kwa jina hilo moja huuzwa vitu viwili: maji yaliyoondolewa madini, na tindikali ya kujazia betri mpya, wakati mwingine katika chupa zinazofanana na kwenye rafu ile ile. Tindikali hiyo haipaswi kukaribia pua ya mtu. Na hata yale maji yenyewe yametayarishwa kwa ajili ya gari. Hakuna aliyeyapima kwa ajili ya mapafu. Kayaulizie duka la dawa au kwa wanaouza vifaa vya maabara, na usome lebo kabla ya kulipa. Yakikosekana kabisa, maji yaliyochemshwa yakapoa yatakuvusha siku chache, mradi asubuhi uyamwage na Jumamosi uoshe kwa siki.

Sasa ule utando wa waridi. Kitangi kina maji, kina vuguvugu, kina giza, na hakuna anayekigusa mchana kutwa. Bakteria wanaofika kwa hewa au kwa vidole hujishikiza ukutani, hutoa ute, hujifunika nao, na ndani ya ute huo wanavumilia hata wakisuuzwa. Miongoni mwa wanaotoa rangi hiyo ni Serratia marcescens, anayeota pia kwenye mapazia ya bafu na pembezoni mwa masinki. Kwa mwenye afya huwa hana kishindo. Kwa mzee, mwenye kisukari au mwenye mapafu mabovu, sioni sababu ya kufanya majaribio.

Lakini hofu nayo iwe na kipimo. Kuna vifaa vya kuongeza unyevu sebuleni vinavyotikisa maji hadi yakarushwa kama ukungu unaouona kwa macho. Ukungu huo ni matone, na tone linaweza kubeba bakteria. Kitangi cha CPAP hakirushi matone. Hutoa mvuke, na bakteria hawezi kuupanda mvuke. Njia yao ni nyingine: mashine ikiinamishwa au kuhamishwa ikiwa na maji, yakamwagikia kwenye mpira au ndani ya mota. Kwa hiyo kabla ya kuibeba, hata kama ni kutoka chumba hadi chumba, chomoa kitangi na ukimwage.

Kila asubuhi, basi, kimwage, hata kama maji yamebaki nusu. Kisuuze, kiache wazi kikauke. Bakteria anauchukia ukavu. Mara moja kwa wiki kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa kitambaa laini. Sponji ya kukwangulia huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni pango la utando mpya. Toa ringi ya mpira kama inatoka, uoshe na mfereji wake. Kukiwa na weupe, loweka kwa siki nyeupe iliyopunguzwa na maji. Kipimo kimo kwenye kijitabu cha mashine; baadhi ya watengenezaji huandika siki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Jiki usitie, wala spiriti.

Wala usitie mafuta ya mkaratusi. Nalisema hili kwa sababu tunapenda kujifukiza, na mwaka 2020, wakati wa korona, nyumba nyingi zilipiga nyungu. Nyungu ni ya dakika chache na pumzi ni yako mwenyewe, unajifunua shuka ukitaka. Mashine inakusukumia kwa saa 8 ukiwa umelala, na mafuta hula plastiki.

Vipo pia visanduku vinavyouzwa kwa bei kubwa, vya ozoni na vya mwanga wa urujuanimno, kwa ahadi kwamba hutaosha tena. Februari 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha hata kimoja kwa kazi ya kusafisha CPAP, na kwamba ozoni inayobaki ndani huweza kumdhuru anayeivuta. Sabuni na siki havijawahi kupigiwa onyo la namna hiyo.

Kuna jambo la mahali pia. Usiku wa Tanga, wenye nyuzi 25 na unyevu mwingi, hewa huingia mashineni ikiwa tayari imebeba karibu gramu 18 za maji kwa mita ya ujazo. Njombe, Julai, joto likishuka hadi nyuzi 10, hewa hata ishibe vipi haiwezi kubeba zaidi ya 9 na kitu. Mgonjwa wa Njombe atapandisha kipimo cha unyevu; wa Tanga ataweza kukishusha, na maji yake yatadumu. Isipokuwa awe analala na kiyoyozi. Hapo hewa ya vuguvugu hupoa ndani ya mpira, mvuke hurudi kuwa maji, na mtu huamshwa na sauti ya guluguluu sikioni au tone puani. Baba mdogo alidhani mashine imeharibika. Tuliupitisha mpira chini ya shuka, tukashusha kipimo kwa namba mbili, ikanyamaza.

Siku ile ile tulimimina siki. Chokaa ilipoguswa ilianza kutoa viputo vidogo vidogo, kwanza kwenye mduara wa nje, kisha ndani. Baba mdogo aliinama na kutega sikio.

"Kinachemka bila moto," alisema.

Tulikisuuza mara tatu, tukakipindua juu ya kichanja, upande wa kivuli cha mwarobaini kwa kuwa jua kali hupasua plastiki, kati ya sufuria ya wali na vikombe vya chai. Ringi ya mpira haikupona. Lile waridi lilikuwa limezama kwenye ufa wake. Kabla ya adhuhuri Muscat ilikuwa imeshapigiwa simu kuagizwa nyingine.