Ujumbe wa afya kwenye simu yako unakufundisha au unakuchelewesha?

Ukipita Upanga jioni saa za kutembelea wagonjwa, utawakuta watu wamekaa nje ya Muhimbili na mahotpoti yao, wakisubiri kuruhusiwa kuingia. Karibu kila mmoja ameinamia simu. Wengine wanaangalia mpira, lakini wengi, ukichungulia kidogo (samahani, mimi huchungulia), wanasoma au kusikiliza mambo ya afya: dawa ya presha, chakula cha mgonjwa wa kisukari, majani ya kusafisha figo. Elimu ya afya siku hizi inamfikia mtu kabla hajamfikia daktari. Leo nataka tuzungumze kuhusu elimu hiyo, hasa kwa mjamzito, kwa sababu kwake saa chache zinaweza kuwa uhai wake na wa mtoto.

Binti wa jirani yangu anauza khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwaka huu, mimba yake ikiwa na wiki 33, alianza kuumwa kichwa. Miguu ilikuwa imevimba muda mrefu, safari hii na uso ukavimba. Akaeleza kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Ndani ya dakika tano akatumiwa sauti iliyorekodiwa ya mtu anayejiita daktari, akisema kuvimba mimba ikiwa kubwa ni kawaida, aloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu na apunguze chumvi. Akafanya hivyo siku mbili, huku anauza khanga kama kawaida.

Siku ya tatu shangazi yake alifika kutoka Magomeni. Hakuuliza habari za khanga. "Mwanangu, huo uso umeuona kwenye kioo? Lete kadi ya kliniki." Wakapanda bajaji. Hospitali wakakuta presha imepanda sana na mkojo una protini. Usiku ule ule alifanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kilo 1.8 ambaye alikaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, mpaka alipoongezeka uzito. Wote wawili wazima.

Ile sauti haikuwa uongo mtupu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ni kweli miguu ya wajawazito wengi huvimba bila tatizo. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au maluweluwe, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, hizo ni dalili za presha ya mimba ambayo inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mtu wa kwenye sauti hakujua anaongea na nani, mwenye mimba ya wiki ngapi, mwenye dalili gani nyingine. Na aliyeisikiliza hakuwa na namna ya kumuuliza.

Nchi hii ina uzoefu wa muda mrefu wa kufundisha afya kwa vyombo vya mawasiliano, na mwingi wake ulifanikiwa. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Chombo kilikuwa redio tu. Lakini hakuna aliyeambiwa asikilize peke yake na kisha alale. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu chepesi. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua kitu cha kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Kwa wiki 12 walijifunza malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Redio ilianzisha mazungumzo, jembe lilishikwa na kikundi.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wengi tulimjua Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye mwisho alipata Ukimwi. Watafiti walifanya jambo la busara: kwa miaka miwili mchezo haukurushwa kupitia kituo cha Dodoma, ili waweze kulinganisha. Waligundua kwamba mahali uliposikika, uzazi wa mpango uliongezeka zaidi, na wasikilizaji wengi walikuwa wamezungumza na wenzi wao juu ya yale waliyoyasikia.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Hapa nitakaa kidogo, maana ushahidi wake mzuri umetoka kwetu wenyewe. Zanzibar, mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 kutoka vituo vya afya 24 waliandikishwa katika utafiti. Kwenye nusu ya vituo, mama alitumiwa ujumbe mfupi kulingana na umri wa mimba yake, akikumbushwa siku ya kliniki na dalili za hatari. Zaidi ya hapo alipewa vocha ili aweze kumpigia simu mhudumu wake. Nusu nyingine waliendelea na huduma ya kawaida. Waliofika kliniki mara 4 au zaidi walikuwa asilimia 44 upande wa simu, na asilimia 31 upande mwingine. Waliojifungua kwa msaada wa mtaalamu walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47.

Nimeisoma taarifa hiyo zaidi ya mara moja, na kuna sehemu ambayo hainitoki. Katika kujifungua kwa mtaalamu, ongezeko la uhakika lilionekana kwa akina mama wa mjini. Kwa wa vijijini halikuonekana. Fikiria mwenyewe: ujumbe unasema nenda hospitali, na mama anakubali kabisa, lakini gari hakuna na njia ni ya mchanga. Wataalamu wa uzazi huzungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Simu inatibu ile ya kwanza tu. Wewe uliye Upanga au Kariakoo, ambako hospitali iko umbali wa bajaji moja, kuchelewa kuamua ndiko kunakoweza kukumaliza. Kwa hiyo ujumbe sahihi una faida kubwa kwako kuliko kwa mtu yeyote, na ujumbe mbovu una hasara kubwa kwako vilevile.

Bara nako, Novemba 2012, Wizara ya Afya na washirika wake walizindua Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001 bila kulipa, akaulizwa mimba ina muda gani, kisha ujumbe ukawa unamfuata kwa umri wa mimba na kuendelea baada ya kujifungua. Kitochi cha bei ya chini kilitosha. Jambo nililolipenda ni kwamba hata mume, mama mkwe au rafiki aliweza kujiandikisha kama msaidizi, akapata ujumbe wa upande wake. Haukuwa ujumbe wa simu peke yake: kulikuwa na redio na mabango pia. Tathmini iliyofanywa kwa akina mama waliokuwa wakitoka kliniki ilionyesha kwamba kadiri mama alivyokutana na kampeni hiyo kwa njia nyingi, ndivyo alivyokuwa amejiandaa zaidi kwa kujifungua.

Sasa linganisha na sauti ya kwenye kikundi chako. Je, inajua mimba yako ina wiki ngapi? Aliyeitoa ametaja jina lake na mahali anapofanyia kazi? Unaweza kumuuliza swali akakujibu? Inakupeleka kituoni au inakubakiza nyumbani? Swali hili la mwisho mimi hulipa uzito kuliko yote. Ujumbe unaomwambia mjamzito mwenye dalili akae nyumbani ajitibu, hata ukitumwa na mtu mnayeheshimiana naye, usiufuate. Wizara ina namba 199 ya kupiga bila malipo. Na namba ya nesi wa kliniki yako, ukimwomba kwa adabu, mara nyingi atakupa.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito akutane na mhudumu mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Dalili za kukimbia nazo siku hiyo hiyo, mbali na nilizotaja juu, ni kutokwa damu, homa, degedege, maji kutoka kabla ya wakati, na mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa. Usisubiri salio, usisubiri mume arudi kazini.

Nyumbani kwenye mjamzito, mpe mtu mmoja kazi. Awe shangazi, dada au baba mtoto. Kila wiki amuulize mambo matatu: kichwa vipi, mtoto anacheza, kliniki lini. Awe na namba ya dereva wa bajaji anayelala karibu, na nauli iwekwe kando mapema.

Juzi nilikwenda kumwona yule mtoto. Amenenepa, ana mashavu. Mama yake akanisalimia, "Shikamoo mjomba," kisha akanionyesha simu: ile sauti bado imo kwenye kikundi, na wiki iliyopita mtu ameituma tena kwa binamu yao mwenye mimba ya miezi 7 kule Mbagala. Safari hii shangazi alirekodi sauti yake na kuiweka chini ya ile. Ina sekunde 11 tu: "Mimi shangazi yenu. Uso ukivimba, nendeni hospitali. Nipigieni nije niwapeleke."