Chora hizo namba, mtu wangu

Hebu fungua ripoti yoyote ya serikali kwenye simu yako. Ukurasa wa kwanza ni picha ya mkubwa akitabasamu. Wa pili ni shukrani. Ukiendelea mbele kidogo unakutana na majedwali yaliyobanana kama abiria wa saa moja asubuhi. Unateremka mara mbili, unafunga, unarudi TikTok. Sikulaumu. Aliyeandika ile ripoti hakuwa anakuandikia wewe.

Shida ni kwamba ndani ya yale majedwali ndiko kuna maji ya mtaa wenu, barabara yenu na ushuru wa mkate wako. Mwenye kuelewa namba ndiye anayeamua, na wewe unaambiwa baadaye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na katika masomo yote niliyoyaacha, takwimu ndiyo niliyoiaga bila machozi. Tulikuwa tunakokotoa wastani kutoka Jumatatu hadi Ijumaa na hakuna siku tulionyeshwa picha. Baadaye, nikiwa kitaani na bando ya usiku, ndipo nikagundua kuna watu duniani ambao kazi yao ni kuchora namba hadi mtu wa kawaida azione. Na baadhi ya kazi nzuri kabisa za aina hiyo zimefanyika hapa hapa Nairobi.

Anza na matatu. Unajua vile mambo huwa. Hakuna ratiba, hakuna ubao wa kukuonyesha gari gani linapita wapi. Kama wewe ni mgeni tao, unauliza. "Bro, gari za Rongai ziko wapi?" Unaelekezwa kwa kidevu, "hapo tu mbele," na hapo mbele ni steji tatu zaidi. Mwenyeji anajua 125 ni Rongai, 58 ni Buruburu, 46 ni Kawangware, lakini ujuzi huo ulikuwa kwenye vichwa vya watu, haukuwa umeandikwa mahali pamoja.

Basi wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaungana na wenzao wa MIT na Columbia, Marekani, pamoja na kampuni ndogo iitwayo Groupshot, wakaanzisha mradi wa Digital Matatus. Walichofanya si uchawi. Wanafunzi walipanda matatu, simu mkononi, GPS ikiwa imewashwa, wakarekodi njia inapopita na kila mahali gari linaposimama. Walirudia hivyo njia baada ya njia, hadi wakapata njia zaidi ya 130 na vituo karibu 3,000. Fikiria hiyo kazi: kulipwa kupanda matatu siku nzima. Na pia fikiria jam.

Kukusanya data kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuichora. Ukichora kila barabara jinsi ilivyopinda, pale katikati ya jiji, kuanzia Ambassadeur hadi Railways, utapata sahani ya tambi. Kwa hiyo walifanya kama Harry Beck wa London. Huyu jamaa alikuwa mchoraji wa saketi za umeme, na mwaka 1931 alichora ramani ya treni za chini ya ardhi bila kujali umbali halisi: mistari iliyonyooka, kona chache, vituo vimepangwa kwa nafasi. Wakubwa waliikataa mwanzoni. Ilipochapishwa mwaka 1933 abiria waliipenda, kwa sababu abiria hataki kujua barabara inapinda digrii ngapi. Anataka kujua anashukia wapi na anaunganisha wapi.

Ramani ya matatu ilitoka Januari 2014, na serikali ya Kaunti ya Nairobi ikaikubali kama ramani rasmi. Mwaka uliofuata njia za matatu zikaingia kwenye Google Maps. Lakini kwangu mimi jambo kubwa liko kwenye karatasi yenyewe. Kwa miaka mingi ukisikia wakubwa wakizungumzia matatu, neno ni moja: vurugu. Ile ramani inaonyesha kitu kingine. Inaonyesha mtandao, mpana na wenye mpangilio wake, uliojengwa na madereva, makanga na wenye magari bila ofisi yoyote kuupanga. Ukisema ni vurugu sasa, itabidi uelezee hiyo picha.

Halafu iangalie tena. Mistari karibu yote inakimbilia sehemu moja, katikati ya jiji. Mtu wa Kawangware anayefanya kazi Buruburu kwa kawaida anaingia tao kwanza, anatembea hadi steji nyingine, analipa nauli ya pili. Ulikuwa unalijua hilo kwa miguu yako. Lakini ukiliona limechorwa, unaanza kuuliza kwa nini hakuna mstari wa kupita pembeni, na hilo ni swali la mipango ya jiji. Jedwali la safu 130 halingekufikisha hapo kamwe.

Kuna kazi ya zamani kidogo kuliko hiyo ambayo vijana wengi wa siku hizi hawaijui. Hadi mwaka 2009, ukifungua ramani za mtandaoni, Kibera ilikuwa doa tupu. Watu kibao, maduka, makanisa, shule, kliniki, vyoo vya kulipia, lakini kwenye ramani hakuna kitu. Vijana wa Kibera wenyewe, kupitia mradi wa Map Kibera, wakachukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro na kuingiza kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Baadaye wakachapisha ramani kwa mada: afya, elimu, maji, usalama. Hii ya usalama ndiyo inanigusa. Mzazi au msichana anayerudi jioni anajua kabisa ni njia gani ina giza. Ikishakuwa kwenye ramani, hiyo si porojo ya mtaa tena. Ni kitu unachoweza kukiweka mezani kwa chifu na kumuuliza taa ziko wapi.

Sasa, usifikirie kila mchoro ni rafiki yako. Mchoro unadanganya kuliko namba, kwa sababu jicho halisubiri akili. Chukua matokeo ya urais ya 2022 kama yalivyotangazwa: William Ruto asilimia 50.49, Raila Odinga asilimia 48.85. Ukichora nguzo mbili zinazoanzia sifuri, zinalingana karibu sawasawa, unahitaji kukodoa macho kuona tofauti. Lakini anzia mhimili kwenye 48 badala ya sifuri. Ghafla nguzo moja ni ndefu karibu mara tatu ya nyingine. Hakuna namba iliyoguswa. Kwa hiyo ukitumiwa grafu kwenye grupu ya WhatsApp, kabla hujaisambaza, tazama chini kushoto: inaanzia wapi?

Ramani za rangi za uchaguzi nazo ni hivyo hivyo. Kaunti ya Marsabit ni kubwa takriban mara mia kuliko Nairobi. Ukipaka Marsabit rangi ya mgombea fulani, nusu ya kaskazini inaonekana kuwa yake. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 Marsabit, na Nairobi watu 4,397,073, zaidi ya mara tisa. Ardhi haipigi kura. Njia ya ubunifu hapa ni rahisi: badala ya kupaka kaunti nzima, weka duara katikati yake, ukubwa wa duara ufuate idadi ya watu. Nairobi ambayo ilikuwa doa itafura kama mandazi, na ghafla unaelewa kwa nini kampeni zote huishia hapa.

Na kama unaona hizi ni mambo ya kompyuta ghali, sikiza. Florence Nightingale, huyo nesi wa Uingereza, mwaka 1858 alitoa michoro ya mduara kama maua kuonyesha kwamba wanajeshi katika Vita vya Crimea waliuawa zaidi na magonjwa yanayozuilika kuliko na majeraha. Rangi ya buluu ya magonjwa ilimeza rangi nyekundu ya vidonda. Alikuwa akiwalenga wakubwa ambao hawangesoma majedwali, na alijua hivyo. Mwaka 1900, W.E.B. Du Bois na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono michoro kama 60 kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, wakaipeleka kwenye maonyesho makubwa Paris. Kuna mmoja ambapo mstari ulikuwa mrefu hadi ukakunjwa kama konokono. Ukiitafuta mtandaoni utadhani imechorwa na dizaina wa Instagram juzi.

Ninaowapenda zaidi ni wanawake wawili, Giorgia Lupi aliyekuwa New York na Stefanie Posavec aliyekuwa London. Walikuwa wamekutana mara mbili tu. Kwa wiki 52 kila mmoja alihesabu jambo moja la maisha yake, wiki hii mara ngapi nimelalamika, wiki ile mara ngapi nimesema asante, akalichora kwa kalamu za rangi kwenye postikadi na kumtumia mwenzake kwa posta. Waliuita mradi huo Dear Data, na leo postikadi hizo ziko kwenye jumba la sanaa la MoMA.

Wewe huhitaji postikadi. Uko na taarifa ya M-Pesa. Rafiki yangu mmoja alichapisha yake ya miezi sita kwa saiba ya mtaani kwao, kisha akachora miraba kwenye karatasi, kila mraba siku moja. Kijani kwa chakula, buluu kwa nauli, njano kwa pesa alizotuma nyumbani, nyekundu kwa kubeti. Alikuwa ameniapia kila siku kwamba anabeti "ya kujiburudisha tu, mkeka mmoja wikendi." Aliponionyesha ile karatasi hakusema neno. Nyekundu haikuwa ya wikendi. Ilikuwa Jumanne, Jumatano, na siku tatu mfululizo kila mwisho wa mwezi, mara tu baada ya mshahara. Njano ilikuwa miraba minne tu, miezi sita. Mamake yuko Kakamega.

Jumla yake alikuwa akiijua, kwa sababu simu humwonyesha salio kila saa. Asichokuwa anakijua ni umbo lake, zile siku tatu.

Ukitaka kujaribu, pakua taarifa kwenye programu ya M-Pesa, uchague mwezi mmoja tu, miezi sita itakuchosha. Rangi zisizidi nne. Amua kila rangi ni ya nini kabla hujaanza kupaka, maana ukishaanza utatafuta sababu ya kuita mkeka "burudani" na kuupaka kijani. Tumia karatasi ya daftari la hesabu, lile la miraba. Pale mtaani kwetu ni shilingi hamsini.