Marudio ya Mwakitolyo yanatafuta kiongezi

Mwakitolyo, wilayani Shinyanga, mawe yaliyosagwa kwenye karasha hayatupwi. Mchimbaji akishanasa dhahabu kwa zebaki, mabaki, yaani marudio, hununuliwa na mwenye plenti ya kuchenjulia kwa sianidi. Yakitoka huko ndipo yanapobaki rundo la unga wa mawe lisilo na bei. Naamini rundo hilo ni malighafi ya ujenzi, ila anayelitaka aanze na swali la fundi: je, udongo wake, yaani mota, utakubali mwiko?

Teknolojia yenyewe ni jiopolima, jina lililotungwa na Mfaransa Joseph Davidovits miaka ya 1970. Hakuna saruji. Unga wenye silika na alumina hukorogwa na kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, pamoja na silikati ya sodiamu. Sehemu ya unga huyeyuka, kisha hujifunga upya na kuwa mfano wa jiwe. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya jiwe la dhahabu huwa ni kwazi, nayo ni sugu kuyeyuka. Marudio yakiwa peke yake hukaa kama mchanga tu. Nguvu itoke kwenye kiongezi.

Kila mnunuzi wa saruji anazijua namba 32.5 na 42.5 za kwenye mfuko. Hizo ni megapaskali, nguvu ambayo mota ya majaribio hufikia baada ya siku 28. Ulaini nao una kipimo: mota hujazwa kwenye koni juu ya meza ya chuma, koni hutolewa, meza hudondoshwa mara 25 ndani ya sekunde 15, kisha hupimwa mota imetandaa kiasi gani.

Unapochagua kiongezi, vipimo hivyo viwili mara nyingi huvutana. Kaolini iliyochomwa kwenye nyuzi 700 hivi huongeza nguvu, lakini chembe zake ni bapa na laini mno. Hunywa maji na udongo hukaza. Slagi ya tanuri za chuma hukomaza mota mapema, ila fundi akichelewa kidogo atakuta imegandia kwenye karai. Majivu ya makaa ya mawe yana chembe za mviringo kama gololi, hivyo hutelezesha, lakini bila joto huchelewa kukomaa. Ukiongeza maji, nguvu inashuka. Dawa nyingi za kulainisha zege la kawaida nazo hufifia ndani ya kostiki kali.

Kwa mfanyabiashara wa Shinyanga, slagi ni ya kuagiza, na kaolini maarufu iko Pugu, upande wa pili wa nchi. Kilicho karibu ni maganda ya mpunga. Kilo 100 hutoa takribani kilo 20 za majivu, karibu yote silika, mradi moto usizidi. Ukizidi, silika inakuwa sugu kama kwazi. Alumina itafutwe kwenye udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Majivu ya maganda yana vitundu vingi, hivyo yanafyonza maji na kukausha mota.

Basi lipu isiwe bidhaa ya kwanza. Tofali la kushindiliwa kwa mashine linataka udongo mkavu, na kasoro ya majivu inageuka kuwa faida. Kinyume chake, Bulyanhulu, mgodi mkubwa wa ukanda huu, husukuma tope zito la mabaki kwenye mabomba. Pale mtiririko ndio kila kitu. Mtaji mdogo hauna haja ya kushindana huko.

Gharama itakayouma ni kostiki na silikati, na kostiki huunguza ngozi na macho. Zebaki na sianidi zilizobaki lazima zipimwe maabara, tofali likilowekwa kuona kinachovuja. Lakini hata kuyalimbikiza mabaki kuna hatari: tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, zilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi. Tofali la kwanza ningelipeleka kwenye uzio wa plenti yenyewe, kabla ya ukuta wa chumba anacholala mtoto.